Taa ya Chumba cha Kulia: Anza na Meza, Dukani Utakwenda Baadaye

Watu wengi huchagua taa ya chumba cha kulia wakiwa wameinua shingo. Wanaingia duka la taa pale Kariakoo, wanakuta taa chungu nzima zimewashwa kwa pamoja, kisha wanaonyesha kwa kidole ile inayometameta kuliko wenzake. Dari la duka liko juu na ukumbi ni mpana, kwa hiyo taa ya upana wa sentimita 80 inaonekana ya kawaida tu. Ikifika nyumbani, kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu na nusu, inajaa chumba kizima, wageni wanaiinamia wakipita, na mwanga wake unawapiga walaji machoni badala ya kuangukia sahani.

Taa hii ina kazi moja kubwa: kuangaza meza na nyuso za walioizunguka. Ndiyo maana vipimo vyake vyote vinatoka mezani kwenda juu. Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta tepu ya kupimia, karatasi, boksi tupu la kartoni na kamba.

Hatua ya 1: Pima meza, kisha chumba

Andika urefu, upana na kimo cha meza. Meza ya watu wanne mara nyingi ina urefu wa sentimita 120 na upana wa 75 au 80. Ya watu sita huwa kati ya 150 na 180 kwa 90, na ya wanane hufika 220 au zaidi. Kimo ni sentimita 75 hivi karibu kwa meza zote. Pima pia chumba: urefu, upana, na kutoka sakafuni hadi darini.

Kama meza bado iko kwa seremala, subiri ifike. Kununua taa kwanza halafu kuisakia meza ni kujitafutia gharama.

Na kama nyumbani kwenu chakula huliwa chini kwenye mkeka au jamvi, taa ya kuning'inia haikuhusu. Watu watasimama na kupita palepale inaponing'inia, na ukiipandisha wasiigonge, itakuwa mbali mno na sinia. Chukua taa pana ya kubandika darini yenye kioo cha maziwa, yaani cheupe kisichoonyesha balbu, uongeze taa mbili za ukutani, kisha nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Hatua ya 2: Soma dari lako

Hapa ndipo nyumba zetu zinapotofautiana na zile za kwenye picha za mitandaoni, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Jambo la kwanza ni pangaboi, ile feni ya darini. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, kote huko pangaboi limeshajitwalia katikati ya dari, na hakuna atakayekubali kulitoa mwezi wa Januari. Taa na pangaboi havikai sehemu moja bila ubishi. Taa ikiwa juu ya mapanga, mwanga unakatwakatwa na kivuli kinacheza juu ya chakula. Dakika kumi tu zinatosha kuumiza kichwa. Taa ikining'inia karibu na mapanga, upepo unaiyumbisha na ipo siku itagongwa. Pangaboi la kawaida la inchi 56 lina upana wa sentimita 140, yaani panga linafika sentimita 70 kutoka katikati. Mimi nisingefunga taa ya kuning'inia chini ya mita moja na nusu kutoka katikati ya pangaboi, na hata hapo ningechagua yenye uzito wa kutulia, si kofia ya ukindu inayopeperuka.

Ukiwa na sebule iliyoungana na chumba cha kulia, njia nzuri ni kusogeza pangaboi upande wa makochi na kuacha upande wa meza kwa taa. Ikishindikana, weka feni ya ukutani upande wa meza. Ikishindikana tena, nunua pangaboi lenye taa yake chini ya mapanga, usaidie na taa za ukutani. Halina uzuri wa taa ya kuning'inia, lakini kivuli hakitacheza. Hakikisha tu mapanga yanabaki zaidi ya mita 2.1 kutoka sakafuni.

Jambo la pili ni dari lenyewe limetengenezwa na nini. Zege ndilo rafiki wa taa nzito. Nyumba nyingi za zege zina kulabu ya chuma iliyozamishwa kwa ajili ya pangaboi, na kulabu hiyo inabeba taa bila shida. Dari la jipsamu halibebi kitu. Ule ubao mweupe ni wa kufunika tu, na fisha ya plastiki ya kushikia skrubu iliyochomekwa humo itavutika taratibu hadi taa idondoke mezani. Taa kwenye dari la jipsamu lazima ishikwe na mbao zilizo juu yake, na kama mbao hazipo pale unapotaka, fundi apande darini akaongeze ubao wa kukatiza kati ya mbao mbili. Kazi hiyo ni rahisi nyumba ikiwa bado inajengwa, na ni ya kero baada ya rangi. Kwa hiyo kama uko kwenye ujenzi, amua meza itakaa wapi sasa hivi, kabla jipsamu haijapanda.

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe na Lamu zina hali yake. Dari linakaa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazikuwa ndefu, vyumba vilijengwa virefu na vyembamba, upana mara nyingi hauzidi mita tatu. Shandelia ya duara, ile taa kubwa ya mikono mingi, inakibana chumba cha namna hiyo. Taa mbili au tatu ndogo zilizopangwa mstari mmoja juu ya meza ndefu zinakubali vizuri zaidi, na boriti nzima, isiyoliwa na mchwa, inazibeba. Igonge kwanza uisikilize.

Jambo la tatu: waya umetokea wapi? Mafundi hutoa waya katikati ya chumba, na meza mara nyingi haiko katikati kwa sababu kabati la vyombo limekula upande mmoja. Hakuna haja ya kupasua dari. Chukua taa yenye waya mrefu, ipitishe darini hadi kwenye kulabu ndogo iliyofungwa juu ya meza, kisha iteremke hapo. Mpangaji anaweza kwenda mbali zaidi: taa yenye waya na plagi, inayopanda ukutani kutoka kwenye soketi hadi kwenye kulabu. Siku ya kuhama anaondoka nayo, na mwenye nyumba anabaki na tundu moja dogo.

Hatua ya 3: Ukubwa

Upana wa taa uwe kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa meza. Meza ya sentimita 90 inataka taa ya sentimita 45 hadi 60. Ikizidi hapo, anayeinuka kitini anajigonga kichwa. Ikipungua sana, meza inakuwa na doa la mwanga katikati na pembe zote giza.

Kuna hesabu nyingine inayoangalia chumba: jumlisha urefu na upana wa chumba kwa futi, jibu lisome kama inchi. Chumba cha futi 10 kwa 12 kinapata 22, yaani inchi 22, sentimita 56 hivi. Hesabu mbili zikipishana, fuata ya meza.

Meza ndefu kuliko mita 1.8 haitoshelezwi na taa moja ya duara. Weka mbili au tatu ndogo, au moja ndefu ya mstari. Zikiwa mbili au tatu, acha sentimita 60 hadi 75 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, na za pembeni zisifike ukingo wa meza. Zibaki ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Taa ya mstari isizidi theluthi mbili ya urefu wa meza.

Sasa lete lile boksi. Kata duara la kartoni la upana uliopata, litoboe katikati, lipitishe kamba, ulining'inize juu ya meza kwa utepe wa gundi au msumari mdogo. Liache siku mbili, watu wale, watoto wafanye kazi za shule hapo. Kama kuna mtu anayelisukuma kila akipita, umejua kabla ya kununua.

Hatua ya 4: Ining'inie umbali gani

Kutoka juu ya meza hadi chini ya taa: sentimita 75 hadi 90, kwa dari la mita 2.4 hadi 2.7. Dari likiwa juu zaidi, pandisha taa kidogo, sentimita 7 au 8 kwa kila sentimita 30 zinazoongezeka.

Tufanye hesabu. Meza ina kimo cha sentimita 75, taa iko 80 juu yake, kwa hiyo chini ya taa ni sentimita 155 kutoka sakafuni. Macho ya mtu mzima aliyekaa yako karibu sentimita 120. Anamwona vizuri aliye mbele yake, na balbu iko juu ya macho yake. Dari likiwa mita 2.7, taa na waya wake kwa pamoja vinateremka sentimita 115. Taa yenyewe ikiwa na kimo cha 35, unahitaji waya wa sentimita 80. Andika namba hiyo uende nayo dukani, kwa sababu taa nyingi zinauzwa na waya wa mita moja tu, na wenye dari la mita tatu na nusu hugundua hilo dari likiwa limeshatobolewa.

Dari likiwa chini ya mita 2.4, achana na shandelia.

Hatua ya 5: Mwanga wenyewe

Watu hushughulikia umbo la taa wiki nzima kisha wanachukua balbu yoyote iliyo karibu na kaunta. Balbu ndiyo itakayoamua chakula kinaonekanaje.

Kiasi. Sahau wati, soma lumeni, yaani kiasi cha mwanga ambao balbu inatoa. Kwa chumba cha kulia kadiria lumeni 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kina mita za mraba 10.8, hivyo kinataka lumeni 1,600 hadi 2,200. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800, sawa na ile ya zamani ya wati 60. Balbu mbili hadi tatu zinatosha. Kama dari ni la mbao nyeusi au kuta zina rangi nzito, ongeza moja. Shandelia yenye mikono 12, kila mmoja na balbu ya lumeni 400, inamwaga lumeni 4,800 kwenye chumba hicho hicho. Huko ni kula kwenye chumba cha upasuaji.

Rangi ya mwanga. Kwenye boksi kuna namba inayoishia na K. 2700K hadi 3000K ni mwanga wa joto, wa manjano kidogo. 4000K ni katikati. 6500K ni ule mweupe unaoelekea bluu. Maduka yetu yamejaa 6500K kwa sababu wateja wanaamini mweupe ndio mkali, lakini ukali unatoka kwenye lumeni, si kwenye K. Kwa meza ya chakula chukua 2700K au 3000K. Kama jiko liko wazi na linaonekana kutoka mezani, jikoni weka 4000K, lakini usichanganye 3000K na 6500K zinazotazamana. Upande mmoja utaonekana mchafu na mwingine mgonjwa.

Mwanga wa joto una faida nyingine: wadudu wanaruka zaidi kuelekea mwanga wenye bluu nyingi, kwa hiyo 2700K inavuta wachache kidogo.

Ukweli wa rangi. Hii ndiyo namba ambayo karibu hakuna anayeiuliza. Boksi litaandika CRI au Ra, kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi halisi za vitu, na mwisho wake ni 100. Chini ya 80, usinunue kwa ajili ya meza. Ukipata 90, lipa hiyo nyongeza. Balbu dhaifu inaonekana zaidi kwenye vyekundu: weka bakuli la kachumbari chini ya balbu ya bei ya chini, nyanya zitageuka rangi ya udongo na kitunguu kitakuwa cha kijivu. Pilau inapoteza ile kahawia yake, na mchuzi wa nazi unaonekana umelala. Mpishi hana kosa lolote hapo.

Macho. Balbu za kioo angavu zenye nyuzi zinazoonekana ni nzuri kupigiwa picha, lakini zikiwa usawa wa uso zinachoma. Chukua zenye kioo cha maziwa, au taa ambayo kofia yake inameza balbu yote. Mdenmark Poul Henningsen, mbunifu wa taa, alitumia maisha yake kwenye tatizo hili. Taa yake ya PH 5, iliyotoka mwaka 1958 ikiwa na upana wa sentimita 50, ilipangwa tabaka kwa tabaka ili ukiwa umekaa mezani usiione balbu kutoka upande wowote. Huhitaji kuinunua, bei yake si ya mchezo. Jaribio lake lakini ni la bure: kaa kwenye kiti, tazama taa, na kama unaiona balbu yenyewe, hiyo taa haijakufaa.

Hatua ya 6: Umeme, holda na swichi

Angalia holda, pale balbu inapoingia. Balbu za pini mbili ni B22, za kuzungusha ni E27, na zile ndogo za shandelia ni E14. B22 na E27 unazipata hata dukani kwa Mangi. E14 inataka safari ya mjini. Zipo pia taa ambazo LED imejengwa humo humo, bila balbu ya kubadilisha. Ikifa, unabadilisha kifaa cha ndani au unatupa taa nzima. Mimi kwa nyumba ningechukua yenye holda.

Umeme wetu wa volti 230 hupanda na kushuka. Soma kwenye balbu: iliyoandikwa 220–240V peke yake inayumba umeme ukishuka, iliyoandikwa mfano 100–265V inavumilia.

Matumizi ya umeme wa LUKU si ya kutisha ukitumia LED. Balbu tano za wati 9 zikiwaka kwa muda wa saa nne kila siku zinakula uniti 5.4 kwa siku 30. Tano za zamani za wati 60 zingekula uniti 36.

Dima, swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga, ni kitu kizuri: mkali watoto wakiandika, hafifu wageni wakila. Ila balbu lazima iandikwe kuwa inakubali dima, na dima nayo iwe ya LED. Ukiziunganisha na dima ya zamani zitapepesa na kulia kama nyuki. Njia ya bei nafuu ni swichi yenye vitufe viwili: kimoja kinawasha taa ya juu ya meza, kingine taa za ukutani. Taa za ukutani zifungwe kimo cha sentimita 150 hadi 170, na zitapunguza vivuli vizito usoni ambavyo taa moja ya juu huvileta.

Hatua ya 7: Malighafi na usafi

Nani atakayeifuta? Shandelia ya vipande mia vya kioo mjini Dodoma, na vumbi lile, ni kazi ya nusu siku juu ya ngazi. Kofia ya kitambaa inashika harufu ya samaki wa kukaanga na haiiachii. Chuma kilichopakwa rangi, kioo na kauri vinafutika kwa kitambaa kibichi.

Kumbikumbi nao wana neno lao. Mvua za masika zikianza, taa yenye bakuli linalotazama juu inajaa mbawa na miili usiku mmoja, na kivuli chao kinaonekana kwenye kioo hadi mtu apande kukitoa. Chagua iliyofunikwa juu, au inayotazama chini kabisa.

Pwani, hewa ya chumvi inakula chuma chenye rangi nyembamba kuanzia kwenye skrubu. Shaba ya manjano inabadilika rangi lakini haiozi, ndiyo maana taa za shaba zilizotobolewatobolewa bado zinapendwa Unguja. Zinachora ukuta vizuri sana. Mezani hazitoi mwanga wa kutosha, kwa hiyo zifanye za pembeni, au chagua iliyo wazi chini.

Hatua ya 8: Dukani

Nenda na karatasi yako: upana wa taa, urefu wa waya, lumeni, K, aina ya dari. Mwambie muuzaji azime zile nyingine, aiwashe yako peke yake, kwa balbu utakayoitumia. Ishike mkononi upime uzito. Tazama kama kuna alama ya ubora ya TBS, au KEBS ukiwa Kenya. Taa ya chuma iwe na sehemu ya kufungia waya wa ethi, ule wa usalama unaoelekea ardhini. Kama haina, irudishe rafuni. Fungua boksi palepale uhesabu skrubu na vioo, na ukiweza nunua kioo kimoja cha akiba, kwa sababu mzigo ujao utakuja na muundo mwingine.

Hatua ya 9: Kufunga

Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, au ya EPRA kwa Kenya. Azime kwenye meinswichi, asiishie swichi ya ukutani, kisha apime kwa tesita. Asiamini rangi za nyaya kwa macho: nyumba za zamani zina nyekundu kwa laini (waya unaoleta umeme) na nyeusi kwa nyutro (waya wa kuurudisha), mpya zina kahawia na bluu, na nyumba iliyofanyiwa ukarabati ina zote. Swichi ikate laini. Ikikata nyutro, taa itaonekana imezimwa ilhali umeme bado uko kwenye holda, na balbu za LED huendelea kuwaka kwa mbali usiku kucha. Ukiona hivyo, mrudishe fundi.

Kabla hajakaza waya wa mwisho, keti kwenye kila kiti kwa zamu taa ikiwa imewashwa, kisha simama upande mrefu wa meza ujifanye unapakua wali. Sogeza juu au chini sentimita tano tano hadi iwe sawa. Waya unaobaki asiukate. Aukunje ndani ya kile kikombe kinachofunika maungio darini, ili ukija kubadilisha meza au kuhamia kwenye dari refu zaidi usilazimike kuunga.